Muscadet bila chakula hujaijua bado

Watu wengi wakisikia waini ya Ufaransa akili inaenda Bordeaux au Champagne moja kwa moja, na siwalaumu, ndo majina yaliyosambaa duniani. Ila mi nimefanya kazi jikoni Nantes, magharibi kabisa ya Ufaransa ambako mto Loire unakaribia kuingia Atlantiki, na pale waini ya watu ni Muscadet. Nyeupe, haina utamu wa sukari, kilevi chake kinacheza kwenye asilimia 12, na ukiimimina kwenye glasi ukainusa harufu yake ni ndogo mno, kidogo limau, kidogo tofaa bichi, basi. Ndo maana kwa miaka mingi imedharauliwa, wanasema ni waini ya bei chee ya kushushia chaza tu. Wanaosema hivyo wanadhani wameishusha hadhi, kumbe wamesema jambo la maana kuliko wanavyojua, kwasababu hii waini imekulia pembeni ya sahani ya samaki na uzuri wake unautafuta hapo hapo kwenye sahani. Ukiinywa peke yake umeonja nusu yake.

Nataka niandike niliyojifunza huko kwasababu kwa Kiswahili nakuta watu wanaandika waini nyekundu na nyama choma, basi mjadala umeisha, na sisi ni watu wa samaki jamani, mi kwetu Mwanza, nimekula sato na sangara na dagaa tangu sijaota meno vizuri. Hii mambo ya samaki na waini nyeupe inatuhusu kabisa.

Kwanza zabibu yenyewe. Inaitwa Melon de Bourgogne, asili yake Burgundy, mashariki huko mbali, lakini kwao walishaifukuza zamani, leo nyumbani kwake ni Nantes. Ilivyoshika pale ni kwasababu ya baridi. Mwaka 1709 ulipiga msimu wa baridi mbaya sana Ufaransa nzima, mizabibu ikafa mashambani, na wakati wa kupanda upya watu wakachagua huu mche kwasababu unavumilia baridi na unaiva mapema. Na kabla ya hapo kuna Waholanzi, wafanyabiashara wa karne ya 17, wao walikuwa wanapanda na meli kutafuta waini nyeupe nyepesi isiyo na mambo mengi ili wakaichemshe iwe pombe kali. Kwahiyo ule utulivu wake tunaoulalamikia leo ndo kitu walichokuwa wanakitafuta.

Na hapa siwezi kupita bila kusema, Nantes ilikuwa bandari kubwa kuliko zote za Ufaransa kwenye biashara ya watumwa, na pombe kali ya zabibu ilikuwa moja ya bidhaa zilizopakiwa kwenye zile meli kwenda kubadilishana na watu. Kando ya mto kuna kumbukumbu iliyofunguliwa 2012, unatembea na chini ya miguu yako kuna vipande vya vioo vyenye majina ya meli na miaka, vingi mno, vimetapakaa njia nzima. Mi nilikuwa napita pale nikitoka kazini. Naipenda hii waini na najua imepita wapi, na sioni sababu ya kuficha moja ili kusema nyingine.

Turudi shambani. Eneo linaloheshimika zaidi ni Sèvre et Maine, hiyo ni mito miwili, kusini mashariki ya mji, lina hadhi yake kisheria tangu 1936. Msimu wa mavuno, mwezi wa tisa, nilienda kuvuna kwa familia moja ambayo shefu wetu alikuwa ananunua kwao. Siku hizi mashamba mengi wanavuna kwa mashine, ila wao kuna vipande walikuwa wanakata kwa mkono, unainama asubuhi majani yamelowa umande, vidole vinanata utomvu wa zabibu, mgongo unalia. Lakini kilichonifundisha ni ghalani. Matangi yao hayaonekani, ni ya zege, yamechimbiwa chini ya sakafu na ndani yamepigwa vigae vya vioo, wewe unatembea juu yake tu unaona vifuniko. Huko chini joto halipandi halishuki, kiangazi na masika ni ile ile.

Waini ikishachacha, hamira ikishamaliza kula sukari, inakufa na kutuama chini kama mashapo. Sehemu nyingi wanaihamisha waini wanaacha yale mashapo. Hawa hawaihamishi, wanaiacha ilale juu ya mashapo yake msimu mzima wa baridi, na sheria inasema wakitaka kuandika sur lie, yaani juu ya mashapo, kwenye chupa basi hawaruhusiwi kuijaza kwenye chupa kabla ya tarehe 1 mwezi wa tatu. Nilirudi pale mwezi wa pili mzee mwenye shamba akafunua kifuniko, akachota na bomba lake la kioo, akanimiminia, ilikuwa na ukungu kidogo na ina harufu ya unga wa mkate uliotoka kuumuka. Akaniambia nisimeze haraka, niikalishe kwenye ulimi. Inachoma choma kidogo sana, ni gesi ya uchachushaji ambayo haijapata pa kutokea kwasababu hawajaihangaisha, na katikati kuna unene fulani, kama imepakwa kitu, huo unatoka kwenye ile hamira iliyokufa inavyovunjika vunjika taratibu. Yale mashapo pia yanaikinga isiguswe na hewa, kwahiyo inabaki fresh. Nikaelewa pale pale kwanini inaenda na chaza, huo ukali wake unasafisha mdomo na ule unene unaibeba chumvi.

Sasa chaza. Pwani yetu tunao, Zanzibar na Tanga watu wanawala, ila huku Ufaransa wanaliwa wabichi, wazima, mezani. Wa upande wa Nantes wanatoka ghuba ya Bourgneuf na ukanda wa Vendée, wanapangwa kwa namba, na namba ikiwa ndogo chaza ndo mkubwa, wateja wengi wanachukua namba 3. Kipindi cha Krismasi tulikuwa tunafungua chaza mpaka mikono inakufa ganzi. Unamkunja kwenye kitambaa kizito kiganjani, upande wa shimo chini, bawaba yake ikuelekee wewe, halafu kisu kifupi unakiingiza upande wa kulia, kama theluthi mbili ya njia kutoka kwenye bawaba, hapo ndo msuli ulipo, ukiukata anafunguka bila vita. Hakuna kutumia nguvu za bega, nguvu ni ya kifundo cha mkono, ukitumia bega kisu kinateleza kinakuingia kiganjani. Maji ya kwanza unayamwaga, anatoa mengine, hayo ya pili ndo mazuri. Chaza ambaye anafunguka mwenyewe na ukimgusa hajikunji, tupa, usijadiliane.

Shefu alitufundisha kuonja wafanyakazi wote, hata sisi wa kuosha na kukata, alikuwa anasema asiyeonja hawezi kusaidia mteja. Chaza kwanza, utafune, sio kumeza kama kidonge. Halafu waini. Halafu chaza tena. Ile mara ya pili ladha inabadilika, chaza anakuwa mtamu, nyuma kunakuja kitu kama njugu, na waini ambayo dakika moja iliyopita ulikuwa unaiona nyembamba inapata mwili. Pembeni unaweka mkate mweusi wa nafaka ya rye na siagi ya chumvi, kwasababu huku siagi ni ya chumvi, na chumvi yenyewe inatoka Guérande hapo hapo jirani.

Kuna ubishi mmoja ambao nina upande wangu. Watu wengi wanapenda kumwagia chaza mchuzi wa siki na shaloti, vile vitunguu vidogo. Mi nasema kama umefungua Muscadet iache siki kabatini. Siki ni kali kuliko waini, ukiweka zote mbili waini inalala, inakuwa maji. Tone la limau sawa, na hilo lenyewe liwe tone kweli. Kama unapenda siki yako basi chukua Gros Plant, waini nyingine ya hapo hapo Nantes inayotengenezwa kwa zabibu ya Folle Blanche, ile ina ukali wa kukunja uso, inaweza kupambana.

Kome nao ni rahisi zaidi na kwa bei ndo chakula cha kila mtu. Wanafugwa kwenye nguzo za mbao zilizosimikwa baharini. Unakaanga shaloti kwenye siagi, unamwaga glasi ya Muscadet, unatupia kome walioshwa, unafunika, wakifunguka tu toa, weka majani ya parsley. Waini unayopikia ndo hiyo hiyo unayokunywa, na hapa sikubaliani na wanaosema ya kupikia iwe yoyote, kwenye chungu cha kome mchuzi wote ni ile waini, ukiweka mbovu utakunywa ubovu kwa kijiko.

Halafu kuna beurre blanc, na hapa niruhusuni nikae kidogo kwasababu ndo chakula nilichokipenda kuliko vyote. Ni sosi ya siagi. Inasimuliwa kwamba aliyeibuni ni mpishi mmoja mwanamke, Clémence Lefeuvre, mwishoni mwa karne ya 19, La Chebuette kwenye kingo za Loire karibu na Nantes, alikuwa anatengeneza sosi nyingine inayohitaji viini vya mayai na mayai hayakuwepo. Iwe kweli iwe hadithi, sosi imebaki. Unakata shaloti ndogo ndogo kabisa, unaweka sufuriani na Muscadet na siki kidogo, unachemsha taratibu mpaka imekauka karibu yote, vimebaki vijiko viwili vya maji mazito na shaloti zimelainika. Unashusha moto uwe wa chini kabisa. Siagi iwe ya baridi imekatwa vipande, unatupia kimoja unakoroga na mchapo, kikianza kuyeyuka unatupia kingine, unakoroga, hauachi. Haitakiwi ichemke. Ukiona vipovu toa sufuria kwenye moto, tupia kipande cha baridi, endelea kukoroga. Ikikubali inakuwa na rangi ya krimu, inang'aa, inashika mgongo wa kijiko, ikikataa inakatika, mafuta juu maji chini. Shefu wetu alikuwa hataki kusikia habari ya kuongezea krimu ili isikatike, mi pia sitaki, krimu inazima ule uchachu wa shaloti na waini na hapo ndo sosi yenyewe ilipo.

Kwa desturi inamwagiwa brochet, samaki wa mto mwenye mdomo mrefu na miiba midogo midogo ya kuudhi, au sandre ambaye nyama yake ni nyeupe na imara. Sasa siku moja niko sokoni Talensac, soko kubwa la ndani pale Nantes, nikakuta minofu imeandikwa perche du Nil, asili Tanzania. Sangara! Sangara wetu wa ziwa, amepanda ndege, kalala juu ya barafu Nantes. Nilisimama pale nikamwambia muuzaji mi natoka huko huko, akanipimia na kunikatia kipande cha katikati kilichonona. Nikampikia dada mmoja wa Arusha tuliyekuwa tunakaa naye, mnofu nikauchemsha kwa moto mdogo kwenye maji yenye kitunguu, karoti na jani la bay, juu beurre blanc, pembeni viazi na ile saladi ya mâche, majani madogo ya kijani mviringo ambayo wakulima wa Nantes wanayalima kwa wingi. Nikamimina Muscadet. Akaonja waini kwanza, akasema, "Dada, hii si maji ya limau tu?" Nikamwambia kula kwanza mdogo wangu. Akala, akanywa, akanyamaza, akajimiminia mwenyewe. Sangara ana mafuta yake, siagi ina mafuta yake, bila ule ukali wa waini kufikia tonge la tano ungekuwa umeshakinai, lakini kila ukinywa mdomo unaanza upya. Sangara na beurre blanc mi nawaambia inashinda brochet, na miiba hamna.

Kuna Muscadet nyingine ambayo wengi hata Ufaransa hawaijui. Tangu 2011 vijiji vitatu, Clisson, Gorges na Le Pallet, vilipewa haki ya kuandika jina lao kwenye chupa, na vingine vikaongezwa baadaye. Hizi zinalala juu ya mashapo muda mrefu sana, Clisson na Gorges ni lazima miezi 24 isipungue, wengine wanaiacha hata zaidi. Clisson mizabibu iko juu ya graniti, Gorges ni gabro, jiwe gumu la kijani kuelekea nyeusi lililopoa chini kwa chini ardhini. Nilionjeshwa hizo mbili pamoja, mwaka mmoja, zabibu ile ile moja, na zilikuwa tofauti kabisa. Clisson imejaa, ina harufu ya matunda yaliyoiva na kama asali kwa mbali. Gorges imebana, ina ukali mrefu na moshi moshi fulani, inataka subira. Sitaki kusema jiwe linaingia kwenye glasi, mizizi hainywi mawe, ila jinsi udongo unavyotoa maji na unavyowahi kupata joto inabadilisha zabibu inavyoiva, hiyo nimeiona kwa macho, mashamba mawili ya jirani moja limeiva lingine bado.

Na hizi hazitaki chaza. Ni kumpotezea chaza na ni kuipotezea waini. Hizi zipe kitu chenye uzito, zile kombe za Saint-Jacques, jamaa wa chaza wenye nyama nyeupe nene, zilizobabuliwa kwenye siagi kuanzia mwezi wa kumi msimu ukifunguliwa, kuku wa krimu na uyoga, au jibini. Kuna jibini ya huko huko, Curé Nantais, ndogo ya mraba, ganda la rangi ya machungwa linalonata, harufu inafika kabla yake, na wapo wanaolisugua lile ganda kwa Muscadet yenyewe. Ufaransa watu wengi bado wanaweka waini nyekundu kwenye jibini kwa mazoea tu. Jaribu Curé Nantais na Clisson yenye miaka saba nane halafu uniambie kama utarudia nyekundu.

Sasa vyakula vya nyumbani, maana najua mtauliza. Dagaa wakaangwe wakauke wawe karakara, chumvi na limau, na Muscadet ya kawaida ya baridi, hapo sina maneno, ni kama zimezaliwa pamoja. Sato wa kukaanga vile vile, mradi usimzamishe kwenye rosti ya nyanya. Kachumbari nyepesi haina shida. Samaki wa nazi inategemea, tui likiwa zito lina utamu wake, na utamu unaifanya hii waini ionekane chungu, hapo ndo nachukua Le Pallet au Clisson ambayo ina mwili. Pilipili ikiwa kali, acha, ladha ya waini haisikiki, kunywa maji. Na nyama choma msiitafutie Muscadet, ni kuionea.

Ubaridi nao ni jambo. Nyuzi 8 hadi 10 kwa ile ya kawaida, zile za vijiji 11 au 12. Ikitoka kwenye friji iache mezani robo saa ndo uimimine, ikiwa ya kuganda unasikia ukali tu, ile kazi yote ya mashapo miezi yote ile huisikii. Usiweke barafu kwenye glasi.

Bei ndo kitu kinachoniuma. Sur lie nzuri kabisa unaipata chini ya yuro 10, za vijiji kati ya 12 na 20, ukilinganisha na Burgundy nyeupe hiyo ni bure. Kwa mnywaji raha, kwa mkulima siyo. Mwezi wa nne 2021 baridi kali iliwapiga machipukizi yameshatoka, usiku mzima watu mashambani wanawasha mioto kati ya mistari ili machipukizi yasigande, na bado wengi walipoteza. Mashamba ya Muscadet yamepungua sana ukilinganisha na miaka ya nyuma, wazee wanastaafu vijana wanaona hesabu hazirudi. Kwahiyo ukiwa na uwezo nunua moja kwa moja shambani, treni kutoka Nantes inasimama Le Pallet, Gorges na Clisson, huhitaji gari, wengi wanakupokea vizuri ukipiga simu kabla. Waambie wakuonjeshe mwaka wa juzi na wa zamani pembeni, na ukiweza nenda na kopo la dagaa wako wakavu kwenye mkoba, mi nilienda nao, yule mzee akala kiganja kizima na akafungua chupa ambayo hakuwa na mpango wa kuifungua siku ile.